Najichora kwa penseli, nyuma naweka mtindo wa Tingatinga: sura na nyuma vinagombana

Penseli ya Mwanjelwa

Habari za jioni wakuu.

Niko Mbeya, nafanya kazi kwenye duka la steshenari hapa Mwanjelwa, na pembeni ya fotokopi nachora watu kwa penseli. Mteja analeta picha yake au ananirushia kwenye simu, namchorea A4 au A3, anaenda kuitia fremu. Nyingi ni za harusi, za mahafali, na za wazazi waliotangulia mbele ya haki.

Sasa nataka kujichora mwenyewe kwenye A3, niitundike dukani. Sababu ni kwamba mteja anayepita anaona picha nzuri ya mtu asiyemjua, hana namna ya kujua kama imefanana. Ikiwa yangu, na mimi nimekaa hapohapo, anainua macho anaona picha, anashusha anamwona mwenyewe, anapima. Kwa hiyo sura lazima iwe yangu kwelikweli, pamoja na kovu la kwenye nyusi ya kushoto na mwanya wa meno ya juu.

Nyuma ya picha sitaki nyeupe. Mama yangu ni mtu wa Tunduru, na tangu utoto nasikia nyumbani kwamba mchoraji Edward Saidi Tingatinga katoka kwao. Natamani nyuma yangu iwe na mkono wake. Nimefanya jaribio kwenye manila: sura kwa penseli kuanzia HB mpaka 8B, nyuma rangi za maji, njano iliyokolea, chui karibu na sikio, ndege, majani mpaka pembeni.

Nikifunika nyuma kwa karatasi, sura naipenda. Nikifunika sura, nyuma naipenda. Vikikaa pamoja sura inakufa. Inakuwa ya kijivu, kama tangazo la msiba lililobandikwa juu ya khanga. Dada ninayefanya naye kazi nilimwonyesha, jambo la kwanza kusema ni "chui mzuri".

Naombeni msaada. Sura niipake rangi? Nizime rangi za nyuma? Au uhalisia na Tingatinga havikai karatasi moja kabisa? Na la mwisho, nijiangalie kwenye kioo au nitumie picha ya simu? Ya simu naona pua inakuwa kubwa kuliko yangu.

Kijana wa Soweto

Dada, kabla hujachora tena, jaribu kwenye simu kwanza. Piga picha sura uliyochora, ikate kwa programu ya kuondoa nyuma, halafu iweke juu ya rangi tofautitofauti. Mimi natengeneza kadi za harusi, huwa sichapi kitu mpaka niwe nimegeuza rangi za nyuma mara kadhaa. Haili karatasi, haili rangi. Utajua ni njano inayokuumiza au ni chui.

Mwalimu wa Gangilonga

Kamwene, binti. Mimi nimefundisha uchoraji hapa Iringa mpaka nikastaafu, na swali lako limenifurahisha kuliko mengi ninayoyasoma humu, kwa sababu umeshaona tatizo lilipo. Ngoja nilijibu kwa kirefu.

Kwanza, ondoa hofu. Sura ya uhalisia na nyuma iliyo bapa vinakaa pamoja, na vimekaa muda mrefu. Gustav Klimt wa Austria alimchora Adele Bloch-Bauer mwaka 1907: uso na mikono ni ya mtu aliye hai, nyama ina joto, lakini vyote vilivyomzunguka ni dhahabu bapa, maumbo ya macho, miraba na mizunguko, hakuna kivuli wala umbali. Karibu na sisi zaidi, Kehinde Wiley alimchora Obama, picha ikazinduliwa Washington mwaka 2018. Uso una kila mkunjo, nyuma ni ukuta wa majani mtupu. Na katika majani yale kuna maua ya maana: krisanthemu ya Chicago, yasmini ya Hawaii, na lili za buluu za Afrika kwa ajili ya Kenya kwa baba yake. Kwa hiyo tusiulize kama inawezekana. Tuulize hawa watu walifunga vipi sura na nyuma visiachane.

Lakini kabla ya hapo, turudi kwa Tingatinga mwenyewe. Naona wewe, kama wengi, umechukua Tingatinga wa kwenye maduka ya watalii: wanyama kila pembe, majani kila nafasi. Yule mzee hakuchora hivyo. Alizaliwa 1932 Tunduru, alianza kuchora 1968 akiwa Dar es Salaam, na 1972 alikuwa amefariki kwa risasi ya polisi. Ni miaka minne tu ya kazi. Alichora juu ya hadibodi za mraba, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, kwa sababu ndizo zilizopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Na picha zake nyingi ni mnyama mmoja, katikati, juu ya rangi moja bapa. Labda ndege, labda mti mmoja. Basi. Utulivu ule ndio unaofanya mnyama wake akutazame. Msongamano ulikuja zaidi kwa waliomfuata.

Sasa ukitaka mkono wake, chukua kanuni zake, wanyama waache. Kanuni ni hizi: uwanja wa rangi moja, kiumbe mmoja mwenye umbo lililokatwa wazi, hakuna kivuli, hakuna umbali, rangi inawekwa juu ya rangi iliyokwisha kukauka, na madoa au mistari ndani ya umbo. Ukifuata hizo, huna haja ya chui kabisa. Na chui huyo aliyepo, nakuomba aondoke kwenye sikio lako. Madoa meusi juu ya njano ndiyo mpambano mkali kuliko wote kwenye karatasi yako. Jicho la binadamu linakimbilia penye mpambano mkali, na wewe umeupeleka nje ya sura. Mpambano mkali uwe kwenye macho yako, pale kiini cheusi kinapopakana na nuru ya dirisha.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ndiyo ninayoipenda zaidi: vazi.

Tazama tena Adele wa Klimt. Ukiuliza gauni lake linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi, utahangaika. Gauni ni bapa kama ukuta, lakini liko mwilini mwake, kwa hiyo linamvuta yeye kwenye ukuta na ukuta kwake. Sasa wewe umevaa nini kwenye jaribio lako? Hukusema, na nadhani ni blauzi ya kawaida ya penseli yenye mikunjo. Hapo ndipo sura ilipokatika na nyuma ikabaki upande wake. Vaa kitenge. Kitenge chenyewe kimechapwa bapa: umbo limekatwa wazi, rangi chache, madoa ndani ya maumbo. Kitenge na Tingatinga lugha ni moja. Chora shingo na mfupa wa mtulinga kwa uhalisia wote, halafu ukiingia kwenye kitenge anza kuacha vivuli polepole. Begani weka kivuli kidogo cha mkunjo, kifuani kiwe hafifu, ukifika chini ya karatasi kitenge kiwe bapa kabisa. Rangi mojawapo ya kitenge iwe ileile ya uwanja wa nyuma. Hapo mtazamaji atatoka usoni, atashuka shingoni, atapita kwenye nguo na kuingia nyuma bila kugonga mahali.

Kuhusu kijivu. Penseli ya kawaida haina joto. Ikizungukwa na rangi kali, jicho linaisoma kama rangi iliyokosekana. Una njia mbili. Ya kwanza, acha sura ya kijivu na nyuma nayo uishushe mpaka iwe rangi zilizofifia sana. Picha itapendeza, ila Tingatinga atakuwa amepotea. Ya pili, ambayo ningeichagua, ni sura uichore kwa penseli za rangi, kahawia badala ya nyeusi. Usianze kwa penseli ya kawaida halafu upake rangi juu, maana ile risasi ya penseli inachafua kila rangi itakayofuata. Mistari ya mwanzo iwe ya kahawia nyepesi, mpaka mwisho.

Na ile njano iache. Uso wa kahawia iliyoiva juu ya njano kali unageuka umbo tu. Jicho linasoma ukingo, halisomi kilichomo ndani. Jaribu buluu iliyotulia, isiyo nyeusi wala nyepesi. Ndani ya kahawia kuna rangi ya chungwa, na chungwa ikikaa karibu na buluu inawaka yenyewe. Kijana wa Soweto amekupa ushauri mzuri, jaribu kwenye simu kwanza. Ukimaliza geuza picha iwe ya rangi nyeusi na nyeupe. Kama ukingo wa shavu bado unaonekana na macho ndiyo ya kwanza kukuita, umefika.

Mwanga. Vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa Ulaya, vinasema kaa kwenye dirisha la kaskazini, kwa sababu kule jua linapita upande wa kusini. Ukifuata hivyo Mbeya mwezi huu wa Juni, jua litakuingia machoni na vivuli vitakuwa vinahama kila saa. Mbeya iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kuanzia Aprili hadi Agosti jua letu linapita kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga mtulivu kutwa nzima. Desemba na Januari linahama, na hapo geuka na wewe ukae la kaskazini. Wanafunzi wangu wengi nimewaona wakipambana na kivuli cha pua kinachobadilika huku wakidhani mkono wao ndio mbovu.

Kioo au simu? Kwa sababu yako wewe, simu. Kioo kinageuza. Mchoraji Van Gogh alikata sikio lake la kushoto, lakini kwenye picha ya mwaka 1889 yenye bandeji utaona kama ni la kulia, maana alijichora kutoka kwenye kioo. (Nyuma yake pale ametundika picha ya Kijapani, alizipenda sana. Kwa hiyo hata yeye alijichora na msanii mwingine nyuma yake.) Wewe unataka mteja alinganishe. Mteja hajawahi kukuona ukiwa umegeuzwa, kovu lako kwake liko upande ulio kweli. Basi umbo lichukue kwenye picha ya simu, na rangi za ngozi zitafute kwenye kioo, kwa sababu simu inasawazisha ngozi na kuua nusu ya rangi zake.

Pua inakuwa kubwa kwa sababu umeshika simu kwa mkono wako mwenyewe. Kilicho karibu na lenzi kinakuzwa, na pua ndiyo iliyo karibu. Iegemeze simu mbali, mita mbili hivi, kimo cha macho yako, tumia kihesabu muda, kisha kata picha. Chapa sentimita 10 kwa 15, ichore miraba ya sentimita 1. Kwenye A3 chora miraba ya sentimita 2.5, kwa wepesi kabisa. Utapata 25 kwa 37.5, inaingia na pembeni inabaki nafasi. Na hata ukiwa na miraba, kagua jambo moja: macho yako katikati ya kichwa, kati ya kidevu na utosi. Karibu kila anayeanza anayapandisha juu, na hasa mwenye nywele zilizofungwa kwa kitambaa, maana anasahau kichwa kilichomo ndani ya kitambaa.

Fundi Mabango, Mafinga

Mwalimu shikamoo. Umemaliza, mimi naongeza la vifaa tu, maana dada akisoma "rangi za kupakia baiskeli" anaweza kwenda kununua kopo akaipaka kwenye manila.

Usifanye hivyo dada. Rangi ya mafuta kwenye karatasi inatoa mafuta pembeni, utaona duara la unjano linatambaa mpaka kwenye shavu ulilolichora wiki nzima. Baadaye karatasi yenyewe inakauka na kukatika. Ukitaka rangi ileile ya mzee, hamia kwenye hadibodi. Tumia upande laini, upitishe msasa, piga andakoti (rangi ya kwanza ya chini) nyeupe nyembamba, iache ikauke, msasa mwembamba tena. Andakoti haing'ai, kwa hiyo penseli ya rangi inashika vizuri. Rangi ya kung'aa ikishapigwa, penseli inateleza tu. Kwa hiyo hamisha umbo lako kwenye ubao, paka uwanja wa nyuma kwa rangi ya mafuta ukizunguka sura, subiri ikauke kabisa, ndipo uanze uso. Fungua madirisha, tapentaini si ya kuvuta kwenye chumba kilichofungwa.

Sasa Juni hii kwa baridi yetu rangi ya mafuta inachelewa sana kukauka. Huku Mafinga naipaka asubuhi jua likitoka, jioni bado inanata na vumbi la barabarani limeshakaa. Mwanjelwa kwa vumbi ndiyo usiseme. Ifunike kwa boksi lililoinuliwa.

Ukibaki kwenye karatasi, nenda na rangi ya maji ya ukutani. Chukua kopo dogo la nyeupe, ongeza tinta ya buluu na tone la nyeusi upate ile buluu iliyotulia ya mwalimu. Inakaa bapa, haina alama za brashi, haing'ai. Rangi za maji za watoto wa shule zinaacha mawingumawingu, na uwanja wa Tingatinga hauna mawingu. Karatasi ibane pande zote nne kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi kabla ya kupaka, usiitoe mpaka ikauke, la sivyo manila inajikunja.

Mama wa Matema

Nimewasoma wote kwa heshima. Mimi nina neno dogo. Binti yuko Mbeya, anatafuta msanii wa kuweka nyuma yake, na tumekwenda Dar, Austria na Marekani. Hapa Ziwa Nyasa, Ikombe, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu bila gurudumu, wanavisugua mpaka ving'ae, wanavipamba kwa nyeupe, vinapakiwa kwenye mitumbwi mpaka mnadani Matema. Na wewe Mbeya umeviona, nyumba nyingi zinavyo. Yule mama anayezungusha pambo kwenye shingo ya chungu bila rula na mistari ikakutana ni msanii kama Tingatinga. Hakuna aliyeandika jina lake tu. Mimi ningeweka pambo la chungu nyuma yangu, tena kahawia yake na nyeupe yake vinakwenda na ngozi zetu bila kutafuta buluu.

Penseli ya Mwanjelwa

Shikamooni wote. Mwalimu, ndaga fijo, nimesoma maelezo yako mara ya kwanza dukani nikashindwa kuhudumia wateja, nikayarudia usiku.

Nimefanya ya Kijana wa Soweto. Buluu imeshinda, wala haikuhitaji mjadala. Kwenye njano nilikuwa naona nywele na kidevu, kwenye buluu naona mashavu.

Mama wa Matema, umenigusa. Nyumbani tuna chungu cha Kikisi, ndicho cha maharage. Lakini kwenye picha hii nataka Tunduru ya mama ionekane, na mwalimu amesema uwanja mmoja, kiumbe mmoja, nikiongeza pambo la chungu nitarudi kulekule kwenye msongamano. Nitajichora tena na la kwenu likiwa peke yake, na ningependa siku hiyo nije Ikombe nione linavyowekwa.

Kiumbe nimempata. Baba ni Mnyakyusa wa Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, na kule kuna kipunji. Yule nyani mwenye nywele zilizosimama utosini na mkia mrefu. Nataka awe yeye peke yake, juu ya bega la kulia, amekaa, mkia umeshuka. Mtindo wa upande wa mama, mnyama wa upande wa baba. Mwalimu, je, ni sawa mkia upite mbele ya bega langu, au abaki nyuma kabisa? Na ngozi, naomba unieleze kwa penseli za boksi la rangi 24, maana kahawia zilizomo ni mbili tu na zote zikipakwa peke yake naonekana nimepakwa udongo.

Mwalimu wa Gangilonga

Kipunji! Huyo hata sisi Iringa tunamdai, yuko pia kwenye misitu ya Udzungwa. Wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, ingawa wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake tayari. Umechagua vizuri kwa sababu umbo lake linasomeka kwa ukingo peke yake: nywele za utosini, mgongo uliopinda, mkia. Tingatinga anahitaji mnyama wa namna hiyo. Mchore ubavuni, si kwa mbele. Mjaze kahawia ya kijivu iliyo bapa, ikikauka weka vistari vya manyoya kwa rangi nyepesi kidogo, tumbo na ncha ya mkia viwe vyeupe vilivyochafuka. Jicho moja tu, duara, na nukta. Usimwekee kivuli hata kidogo, ukimwekea atakuwa nyani mbaya wa uhalisia.

Mkia upite mbele. Ndiyo, kabisa. Wiley kwenye picha ya Obama ameacha majani yapite mbele ya miguu na kiti, ndiyo maana yule mtu amekaa ndani ya majani badala ya mbele ya pazia. Mkia wako ushuke kutoka nyuma ya shingo, uvuke bega, uishie juu ya kitenge. Pale unapovuka, usiweke kivuli cha mkia juu ya nguo. Uwe bapa juu ya bapa. Na usiuvushe mahali penye ngozi, acha shingo yako ibaki safi.

Mama wa Matema nami namuunga mkono, msanii asiyeandikwa jina ni msanii. Umemjibu kwa adabu.

Sasa ngozi. Kaa dirishani na kioo, chukua boksi lako, fanya kipande cha shavu peke yake kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kugusa picha. Anza na rangi ya chungwa, nyepesi, kote isipokuwa pale panapong'aa. Juu yake nyekundu iliyokolea, kidogo tu, kwenye shavu, ncha ya sikio na bawa la pua, maana hapo damu iko karibu. Halafu kahawia nyepesi kote, kwa duara ndogondogo, usivute mistari. Kahawia iliyokolea ifuate pale uso unapogeuka kukimbia dirisha. Kivuli kizito kabisa, chini ya taya na pembeni mwa pua, usikimbilie nyeusi. Weka zambarau, juu yake buluu iliyokolea, kisha kahawia tena. Utaona kivuli kinapumua. Nyeusi ibaki kwa kiini cha jicho, mstari wa kope na pembe ya midomo.

Mng'ao ndio wengi wanapokosea. Tazama paji lako linapopinda kuelekea dirishani. Weupe ule una ubuluu, ni anga inayojitazama kwenye ngozi yako. Pitisha buluu nyepesi kabisa juu ya karatasi tupu, kingo zake ziyeyuke kwenye chungwa. Ncha ya pua mng'ao ni mdogo na mkali. Mdomo wa chini ni mpana na laini. Weupe wa jicho si mweupe, upake kijivu cha krimu, kikolee zaidi kwa juu, chini ya kope. Nyeupe ya karatasi ibaki nukta moja kwenye kila jicho, upande wa dirisha, kimo kilekile kwa macho yote mawili. Na upande wa taya ulio mbali na dirisha, ukingoni kabisa, weka mstari mwembamba wa buluu ya uwanja wa nyuma. Usiukoleze. Huo ndio utakaofanya hewa ipite kati yako na ukuta.

Kovu la nyusi: usilichore kama mstari. Ni mahali ambapo nywele hazikuota na ngozi inang'aa kidogo kuliko jirani zake. Acha nafasi, chora nywele za pande mbili zikilala kuelekea huko, kovu litajitokeza lenyewe. Mwanya nao vilevile, giza lake si jeusi, ni kahawia iliyokolea yenye nyekundu.

Fundi Mabango, Mafinga

Dada ukimaliza, usipulizie dawa ya nywele kama wengi wanavyofanya, baada ya muda inaleta unjano. Penseli ya rangi ina nta, haichafuki ovyo kama penseli ya kawaida. Mpe fundi wa fremu na umwambie aweke ukanda wa kadibodi pembeni ndani ya kioo, ili kioo kisiguse picha. Baridi hii ya Mbeya asubuhi kioo kinatoa jasho kwa ndani, na picha iliyolala juu ya kioo inaganda nacho. Nyuma aweke hadibodi, si boksi la katoni.